Kimya cha Mzee Lemburis

Nyumbani, 11 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Sabina,

Bwana Yesu asifiwe. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Noordin na mama mkwe wako. Sisi huku juu hatujambo. Wifi yako Anaeli mgongo unamsumbua lakini bado hataki mtu mwingine akamue ng'ombe wake. Naeku yuko mwaka wa pili chuoni Makumira, anasomea ualimu, na kila akirudi Jumamosi ananieleza mambo ambayo mimi baba yake nimekuwa nikiyakosea tangu kabla hajazaliwa. Vuli ilipitiliza, maharage yakaozea shambani, ila viazi vimekubali.

Utashangaa kupata karatasi. Kwa simu tulijaribu mara ya mwisho wiki moja baada ya kumzika Baba, mwaka wa 2019, na unakumbuka tulivyoishia. Kama ulikata wewe au nilikata mimi, sitaki kurudi huko. Kwenye karatasi mtu anamaliza sentensi yake. Ruth anashuka mjini na maziwa kila Jumanne na Ijumaa, amekubali kuwa posta yetu.

Jambo lenyewe ni hili. Kile kinanda cha kukanyaga cha usharika, alichokipiga Baba miaka thelathini na sita na mimi kumi na tisa baada yake, kimepelekwa mjini kwa fundi Balbir kufanyiwa matengenezo. Mivukuto ilikuwa imeliwa na panya, na vibao vingine havikuwahi kutoa sauti tangu sisi tukiwa watoto. Tarehe 24 Novemba kitawekwa wakfu upya. Siku hiyo hiyo baraza la wazee litafunua jiwe la marumaru ukutani lenye jina la Baba, kwa sababu ya Tuni ya Baraka.

Sina haja ya kukueleza tuni hiyo, maana umelala mgongoni kwa marehemu mama ikipigwa. Unajua jinsi usharika mzima unavyonyamaza kwenye mstari wa tatu, pumzi moja, vichwa vimeinama, ndipo tunaendelea. Wageni kutoka sharika nyingine husema hawajawahi kuona kitu kama hicho. Wanafunzi wa kipaimara tunawafundisha kwamba Baba alikiacha kimya kile ili Roho apate nafasi ya kusema. Siku hizi watu wanakiita Kimya cha Mzee Lemburis, na ndivyo kitakavyoandikwa kwenye jiwe.

Wazee wanataka tuni ichapwe kutoka kwenye mwandiko wake mwenyewe. Nimepekua sanduku lake lote bila mafanikio. Sasa Ruth ananiambia kwamba daftari lake la nota, lile la kijani lenye jedwali la kuzidisha nyuma, amelikuta kwako. Sikumuuliza limefikaje huko. Nakuomba umpe Ijumaa, na alifunge kwenye nailoni lisilowe maziwa.

Wasalimie wote.

Kaka yako,
Yoeli


Mjini, 19 Machi 2024

Kaka Yoeli, shikamoo.

Salamu yako nimeipokea, na mimi nakuombea amani nyumbani kwako. Mpe pole wifi Anaeli, mwambie amuachie Naeku hao ng'ombe hata mara moja kwa wiki. Huku tuko kwenye mfungo, leo siku ya nane. Noordin sukari imempanda, daktari amemkataza kufunga, kwa hiyo anakula chakula cha mchana amejificha nyuma ya majora ya vitambaa kama mtoto aliyeiba. Mwanetu Arif amefungua duka la vipuri vya pikipiki kule Sombetini. Mama mkwe ana miaka themanini na sita, macho yameisha lakini anasikia hata paka akiruka ukuta wa jirani. Anaitwa Gulbanu. Nakuandikia jina lake kwa sababu naona miaka thelathini hujalishika.

Barua yako imekaa wiki tano kwenye droo ya duka. Niliisoma, nikaifunga, nikaisoma tena. Kurasa mbili nzima za kinanda, kaka. Nilidhani labda ukurasa wa tatu umedondoka njiani, nikamuuliza Ruth, akasema hapana, ndiyo hiyo tu.

Daftari ninalo. Sikumpa Ruth Ijumaa ile na sitampa Ijumaa ijayo. Kwanza nina swali moja, na ulijibu wewe, si baraza la wazee.

Siku tuliyomzika Baba, mwongozaji alisoma majina ya watoto waje kuweka mashada. Akakusoma wewe. Akasoma watoto wa marehemu Sankale kwa niaba ya baba yao. Wakasomwa hata binamu zetu wa Elerai ambao Baba alikuwa anachanganya majina yao. Mimi nilikuwa mstari wa pili, ushungi kichwani, shada la maua meupe mkononi, na watu wote wananitazama wakisubiri. Jina langu halikusomwa. Nililiweka shada kwenye ndoo ya maji jikoni kwa Anaeli, nikapanda boda nikarudi mjini.

Nani aliandika ile orodha?

Mdogo wako,
Sabina


Nyumbani, 24 Machi 2024

Sabina,

Bwana Yesu asifiwe. Nimekujibu haraka ili usiseme nimekwepa. Hatujambo. Ng'ombe mmoja amezaa, ndama jike.

Mambo ya mazishi yalikuwa mikononi mwa kamati, na kamati ilifuata taratibu za usharika. Pia Baba mwenyewe aliacha maagizo kuhusu mambo yake ya mwisho. Unajua msimamo wake ulivyokuwa tangu 1994. Hakuja kwenye harusi yako na hakutaka jina lako litajwe mezani. Mimi nilikuwa mwanawe, nilitii. Sidhani kama inafaa kumchokoza marehemu kwa ajili ya shada.

Ninachokuomba ni kitu kidogo. Jiwe limeshaagizwa. Mzee Gadiel, mwenyekiti wa baraza, amesema kama daftari halitapatikana kwa njia ya kifamilia atakuja yeye na wazee wawili kulidai kama mali ya kanisa, wakiwa na barua yenye mhuri. Nimemzuia. Sijui nitamzuia mpaka lini. Usitake wazee waje kusimama dukani kwa Noordin mbele ya wateja.

Yoeli


Mjini, 2 Mei 2024

Kaka, shikamoo.

Hongera kwa ndama. Huku Idi imepita salama. Mvua ya Aprili iliingia stoo ikaharibu majora kumi na moja, tumeyaanika juu ya paa mpaka majirani wakadhani tuna harusi. Noordin anakusalimu. Anakusalimu kila mara, ila mimi huwa siiandiki.

Mwambie mzee Gadiel aje. Chai ipo.

Umeandika kwamba Baba aliacha maagizo. Basi nikueleze kitu ambacho nilimwahidi nitakaa nacho, na nimekaa nacho miaka sita.

Mwaka wa 2018 Baba alikuja hapa kwangu mara tatu. Ni zile siku zake za kliniki ya presha, ulizokuwa ukimpandisha gari wewe mwenyewe pale njia panda. Mara ya kwanza alisimama mlangoni na fimbo yake, hakunisalimu, akauliza, "Mama Gulbanu yupo?" Nikamwingiza jikoni. Alikaa kwenye kigoda kilekile alichokalia akiwa kijana, maana kumbuka kwamba hata kabla mimi sijazaliwa Baba alikuwa msaidizi wa mpishi katika nyumba hii. Hilo mlilisahau wakati mnanikataza kuolewa humu. Mama akamtambua kwa kikohozi.

Sasa sikiliza. Mwaka wa 1961 Mama Gulbanu alikuwa mke kijana, ana miaka ishirini na mitatu, na kila asubuhi akikanda unga wa chapati aliimba kaswida ya kumshukuru Mungu na kumsifu Mtume, kwa Kikachi, lugha ya kwao. Baba alikuwa anasukuma chapati upande wa pili wa meza. Aliisikia miaka miwili. Siku moja akauliza maana yake, mama akamwambia. Baba akasema, "Kwetu pia tunasema hivyo." Akaondoka na ile sauti kichwani, na usharika ulipopata kinanda mwaka wa 1969 akaitafuta kwenye vibao mpaka akaipata. Maneno akatunga yake. Hiyo ndiyo Tuni ya Baraka.

Na kile kimya chenu nacho nikueleze. Kwenye mstari wa tatu kaswida ile inapanda kidogo, nusu ngazi juu ya fa, inakaa hapo, kisha inashuka. Hiyo nusu ngazi, kwenye kinanda, ni kibao cheusi cha katikati, na kilikuwa bubu tangu siku kinanda kinashushwa kwenye lori. Unakijua. Wewe mwenyewe umekiruka miaka kumi na tisa. Baba alifika pale, akabonyeza, hakuna kitu, akangoja, akaendelea. Alimwambia mama kwa mdomo wake, mbele yangu: "Kibao kilikuwa kibovu, mama. Watu wakadhani nasali. Kila Jumapili nilitaka kuwaambia, nikigeuka nakuta wameshainamisha vichwa." Walicheka wawili hao mpaka Baba akapaliwa na chai.

Mara ya tatu alileta daftari. Mama akaimba polepole, yeye akasahihisha kwa penseli, akaniachia mimi. Akasema, "Kaa nalo, Yoeli atalitafuta." Hakusema nikupe na hakusema nisikupe.

Kwa hiyo Baba aliyekaa jikoni kwangu mara tatu, akaniombea akinitemea mate kichwani kama wazee wetu wanavyobariki, hawezi kuwa ndiye aliyeagiza jina langu lisisomwe. Nakuuliza tena. Nani aliandika ile orodha?

Sabina


Nyumbani, 10 Mei 2024

Sabina,

Hatujambo.

Bibi wa miaka themanini na sita anaweza kukumbuka anachotaka kukumbuka, na wewe una sababu zako za kumsaidia. Lakini usimfanye Baba kuwa mtu aliyeokota wimbo jikoni kwa watu akausimamisha madhabahuni. Alikuwa mwinjilisti miaka hamsini. Watu wamefungwa ndoa kwa tuni ile. Mama yetu tulimshusha kaburini kwa tuni ile. Na unaniambia kile kimya, ambacho nimeona wanaume wazima wakilia ndani yake, ni kasoro ya kinanda.

Baba hakwenda kwako. Ningejua.

Nimemwambia Ruth asibebe tena barua zako.

Yoeli


Nyumbani, 28 Julai 2024

Kwa mdogo wangu Sabina,

Shemeji Noordin namsalimu. Mama Gulbanu namwamkia shikamoo. Huku ni baridi, ukungu hautoki mpaka saa tano, kahawa haitaki kukauka. Anaeli amekubali kumwachia Naeku ng'ombe, siku za Jumamosi tu. Nimemwomba Ruth radhi na amesema atabeba barua hii, ila amenifanya niombe mara mbili.

Kinanda kimerudi tarehe 13. Balbir alikuja nacho mwenyewe kwenye pikapu, amekifunika mablanketi. Nilimsaidia kukifungua nyuma, akanionyesha ndimi za shaba zilivyopangwa ndani, moja kwa kila sauti, upepo ukipita zinalia. Ulimi wa kibao kile cheusi haukuwa umevunjika. Haukuwepo kabisa. Hakupata wa kununua, basi akachomoa mmoja kutoka kwenye kinanda cha mkono kilichochakaa, kile wanachopiga Masingasinga wenzake hekaluni kwao. Nikamuuliza kama utakubaliana na ndugu zake. Akacheka, akasema, "Mwalimu, ndimi ni zilezile, za kwako na za kwetu. Mimi naosha tu vumbi."

Alipoondoka nilifunga mlango wa kanisa kwa ndani. Nilikaa muda mrefu bila kukanyaga. Halafu nikapiga Tuni ya Baraka, na mstari wa tatu sikungoja, nikabonyeza.

Sabina, inaingia. Inaingia kabisa. Nimeipiga tuni ile mara elfu na siku hiyo ndipo niliposikia ilikokuwa inakwenda. Nikarudia nikitafuta kosa, nikarudia tena, mpaka miguu ikachoka. Kosa sikuliona.

Basi nakujibu swali lako. Orodha niliiandika mimi. Kamati ilinipa karatasi jioni, nikaiandika asubuhi kabla ya chai, Baba yuko kwenye jeneza sebuleni. Jina lako niliandika la pili, baada ya langu. Nikalitazama. Nikafikiria sura ya Gadiel na ushungi wako mbele ya wachungaji wote wale. Nikachukua karatasi safi nikanakili upya, bila wewe. Hakuna aliyeniagiza. Baba hakuacha agizo lolote. Lile shada nililiona kwenye ndoo jioni, nikaliweka kaburini mimi, na sikumwambia mtu ni la nani.

Na nikueleze na hili, maana nimeshaanza. Niliposoma kwamba Baba alikuja kwako, kilichoniuma zaidi haikuwa tuni. Mimi ndiye niliyeishi naye. Nilimwogesha, nilimnyoa, nilimkatalia chumvi. Mimi ndiye niliyemchukia Noordin kwa niaba yake. Kumbe alikuwa anakuja kwenu kucheka. Kicheko cha mpaka kupaliwa mimi sikuwahi kukisikia. Nilikuonea wivu, mdogo wangu, na bado nakuonea.

Sina la kukuomba.

Kaka yako,
Yoeli


Mjini, 1 Septemba 2024

Kaka Yoeli, shikamoo.

Mama amepokea shikamoo yako. Aliuliza kama wewe ndiye yule mtoto aliyekuwa analetwa na baba yake kuwapa mkono wa Idi na kukataa kuingia ndani kwa kuogopa kasuku. Nimemwambia ndiye.

Ruth anakuletea daftari. Nimelifunga kwenye nailoni mbili.

Nakuandikia wazi ili tusidanganyane: sijakusamehe. Usiku wa barua yako nililia kwa hasira, asubuhi nikakata kitambaa cha mteja vibaya, mita tatu. Miaka mitano nilimlaumu Baba. Nilikuwa nikimpikia pilau ya kumrehemu huku nikimlaumu. Ungeniambia tu siku ile, jikoni kwa Anaeli, ungesema, "Niliogopa," ningejua la kufanya nalo. Hilo la wivu nimelisoma mara nyingi. Kaa nalo kwanza.

Daftari sio msamaha. Ni lako kwa sababu wewe ndiye mpiga kinanda.

Huku nako si shwari. Arif amesikia habari hii, hana raha. Anasema kaswida ya Mtume kupigwa kanisani, tena kwa kinanda, watu msikitini watasemaje, na mimi tayari wapo wanaoniangalia kama mgeni. Noordin anapanga majora yaliyopangwa. Mama ndiye aliyemjibu mjukuu wake. Akamwambia, "Mimi niliimba kwa sauti na dirisha lilikuwa wazi. Nilitaka nani asisikie?" Arif akaondoka bila kumaliza chai, na wiki ya pili sasa hajaja.

Kwa hiyo ujue kwamba ukisema, utasema na kwa gharama ya nyumba yangu. Sikukatazi. Mama hataki jiwe wala jina. Anataka kuisikia mara moja ikiwa nzima, kabla masikio hayajafuata macho.

Sabina


Nyumbani, 17 Novemba 2024

Mdogo wangu Sabina,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za Mama Gulbanu? Na Arif, amerudi? Nimemuulizia kwa Ruth, akasema ameonekana dukani Ijumaa, nikafurahi. Huku wote wazima. Naeku amefaulu.

Daftari nilimpelekea mchungaji na mzee Gadiel. Ukurasa wa tisa, kwa mwandiko wa Baba: "Tuni, Mama Gulbanu, jikoni, 1961. Maneno, mimi. Mstari wa 3, kibao kibovu." Na pembeni kwa penseli nota ile, kaizungushia duara.

Gadiel alisoma akavua miwani. Akasema jiwe limeshachongwa, wageni wamealikwa, na mambo ya jikoni yabaki jikoni. Akasema pia kwamba daftari ni kuukuu na ukurasa mmoja unaweza kuchomoka. Aliyasema kwa upole kabisa, mkono wake ukiwa juu ya daftari. Nililichukua nikalitia kotini. Naeku ameupiga picha ukurasa ule na kuutuma kwa watu watatu, hata sikumtuma.

Mchungaji anasema anahitaji hekima. Baraza wameamua bila yeye: nitapiga tuni kama ilivyozoeleka, kimya mahali pake, na sitasema neno. Nikishindwa, nikabidhi ufunguo wa kinanda.

Nina miaka hamsini na minane. Nikitolewa kwenye kile kiti sijui Jumapili nitakaa wapi. Sijui hata mikono nitaiweka wapi. Na kuna jambo jingine ambalo Gadiel halijui. Kile kimya nakipenda. Kiliingia kwa kasoro, sawa, lakini watu wamesali ndani yake miaka hamsini na mitano, na waliosali hawakukosea. Nikiweka nota pale, nahisi kama nang'oa kitu kilichoota.

Imebaki wiki moja. Naogopa, Sabina. Naliandika neno hilo sasa kwa kuwa siku ile sikulisema.

Sikuombi uje. Najua nimekuwekea ugumu wa kutosha na mwanao.

Yoeli


Mjini, 3 Desemba 2024

Kaka Yoeli, shikamoo.

Wote wazima. Arif amerudi, kaja na mkewe na kilo mbili za zabibu, na sisi hatukuuliza.

Sikuja, na unajua kwa nini. Lakini Ruth alikaa benchi la tatu na simu yake mkononi akirekodi, na Jumanne alifika hapa akasahau hata kushusha maziwa. Amenieleza yote, kisha tumesikiliza.

Nimesikia ulivyosimama kabla ya kukaa kwenye kinanda. Sauti yako, kaka, hata kwenye simu inasikika. Umesema tuni hii Baba aliipokea kwa Mama Gulbanu, Mwislamu, jikoni kwake alikokuwa akifanya kazi. Umesema kibao kilikuwa kibovu. Hapo kuna mtu amekohoa kwa nguvu, Ruth anasema ni Gadiel amesimama. Wewe hukunyamaza. Umesema watoto wa Lemburis ni Yoeli, na Sabina, na marehemu Sankale, na kwamba wakati wa mazishi uliliacha jina moja kwa makusudi, wewe na si mwingine, kwa sababu ya woga. Hapo nilimwambia Ruth asimamishe simu. Nikaenda nje, nikarudi, nikamwambia aendelee.

Halafu umepiga. Ruth anasema mstari wa tatu watu wote walinyamaza kama kawaida yao, vichwa chini, hakuna aliyewaambia. Na nota ile ikalia peke yake juu ya vichwa vyao vyote. Umeishikilia. Kimya chao hakikwenda popote, kaka. Nimesikia hata mtoto mmoja akiuliza, "Mama, nini hiyo?"

Ruth ameniambia na yaliyofuata. Kwamba jiwe halikufunuliwa, kitambaa bado kiko juu yake. Kwamba Gadiel alikungoja mlangoni ukampa ufunguo mkononi, na hukubishana, na mchungaji alitazama viatu vyake. Kwamba Jumapili hii ulikaa benchi la nyuma na Anaeli, mikono mapajani, na kinanda hakikupigwa kwa sababu hakuna mwingine anayekiweza. Pole. Nasema pole ya kweli.

Mama ameisikiliza mara nne. Ya kwanza alilia. Ya pili aliimba na wewe, sauti imekwisha lakini alifika. Ya tatu alikunja uso. Ya nne akasema, "Huyu anakimbia. Na ile nota anaigusa kama anayeshika sufuria ya moto. Baba yake alikuwa hivyohivyo. Mwambie aje nimfundishe."

Basi nakuambia uje. Jumamosi saa kumi, na Anaeli, na Naeku kama ataweza kuwaacha ng'ombe. Mimi nitapika. Bado sijamaliza kukukasirikia, nitamalizia ukiwa umekaa hapa.

Nyumba huhitaji kuelekezwa. Miaka thelathini umekuwa ukishuka mjini kununua dawa ya ng'ombe kwenye lile duka la pembeni yetu, na kila ukikaribia mlango wetu unavuka barabara, unapita upande wa pili ukitazama mbele. Mimi nakaa dirishani kushona. Sijawahi kukukosa hata siku moja. Jumamosi usivuke.

Sabina